Siku Niliporuka Ngata

Kwi, kwi, kwi. Ndiyo sauti ya kitambaa kibichi kikisugua plastiki. Haina ubaya wowote. Akina mama huitoa kila siku wakiosha vyombo uani, wengine huku wanaimba. Mimi ikinifikia, masikio hupata moto, na kama nilikuwa naongea na mtu naongeza sauti ili nisiisikie. Watu wananijua kuwa mimi ni wa kucheka. Hawajui kwamba mara nyingine nacheka kwa nguvu kwa sababu nyuma yangu kuna mtu anasugua beseni.

Nianze mbali kidogo.

Mimi nauza nyanya. Kwetu ni Rusizi, upande huu wa daraja la mpaka, na wateja wangu wako Bukavu, upande ule. Asubuhi nanunua, natwikwa beseni kichwani, navuka, nauza, narudi na beseni tupu nikilipiga kama ngoma. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa sekondari, ilipokuwa hakuna namna, lakini kuchora hakukuniacha. Nilichora kwa mkaa, kwa chaki, kwa kijiti mchangani. Nikiwa kwenye foleni ya mpaka niliangalia kila ukuta usio na kitu nikaupaka rangi kichwani mwangu.

Kazi yangu ya kwanza ya kweli ilikuwa kibao cha saluni: kichwa cha mwanamke mwenye misuko. Kilipokauka, watu wakaanza kuingia saluni kuulizia bei ya mananasi. Mwenye saluni alicheka mpaka akafuta machozi. "Acha ikae vile vile," akasema, "angalau banasimama." Akanipa na rangi iliyobaki, nusu kopo la rangi nyeupe ya mafuta. Nililibeba nyumbani kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto.

Nyanya tulizichukua kwenye depo moja karibu na mpaka, jumba la mabati ambamo malori ya Gitambi na Nkungu hushusha mizigo kabla jua halijapanda. Mwenye depo tulimwita Patron tu. Wanaume wa magunia walipita lango kubwa. Sisi akina mama tulikuwa na mlango wetu, mwembamba, wa kuingilia na kutokea, na hapo alisimama mlinzi. Mlinzi alisema kuna wanawake wanaoficha vitunguu ndani ya nguo, kwa hiyo kila mwanamke akitoka lazima apekuliwe. Wanaume hawakupekuliwa, ingawa makoti yao yana mifuko ya kutosha kuficha mbuzi. Namna alivyotupekua sitaieleza. Mwanamke anayesoma ameshaelewa, na mwanamume aende akaulize nyumbani kwake.

Niliyetembea naye kila asubuhi alikuwa Koko. Koko ni bibi, ndivyo tunavyoita bibi kwetu, lakini hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa jirani, mjane, mama mwembamba mwenye shingo ndefu iliyobeba mizigo kuliko lori. Ndiye aliyenifundisha kufunga ngata, kile kitambaa tunachokisokota kikawa duara na kukiweka kichwani chini ya mzigo. Yangu ya kwanza ilifumuka katikati ya daraja na nyanya zangu zikateremka kama batoto waliofunguliwa shule. Koko aliziokota pamoja nami, akaifunga ngata upya, akasema, "Weye unaifunga kama muntu anaaga, na mukono mumoja."

Na Patron pia nilikuwa na jambo, na lazima niliseme mapema, maana ndilo lililoniharibu. Siku moja aliniona nikichora nyanya kwa chaki pembeni ya ubao wake wa bei. Akasimama, akainamisha kichwa.

"Weye kijana, ni weye umechora?"

"Ni miye, Patron."

"Unaona ule ukuta ya mbele? Nitakupatia. Upake nyanya, karoti, kila kitu. Muntu akiwa kule Bukavu aione."

Ukuta wa mbele wa depo ulikuwa mrefu, wa saruji, bila hata msumari mmoja. Kutoka siku ile sikuwa natembea, nilikuwa naelea. Nilimwambia Koko kabla hata sijapata pumzi. Alipiga makofi mara moja. "Bon! Kumbe nitakuwa napita kila siku mbele ya kazi ya mutoto wangu."

Halafu likaja jambo la Maman Mayai. Tulimwita hivyo kwa sababu juu ya nyanya zake alikuwa anapanga mayai, na hayakuvunjika hata akikimbia. Ndiye mwenye mdomo kuliko sisi wote. Alimkejeli kila mtu, hata padri, hata mume wake akiwa hapo hapo amesimama. Siku moja alitoka kwenye mlango ule akiwa na mimba ya miezi saba, analia, na hakuna yai hata moja lililobaki zima. Hatukuwahi kumwona analia. Ilikuwa kama kuona jiwe linavuja.

Jioni ile tulikaa nyuma ya depo, pale tunapofungia ngata zetu. Tulitaka kitu kimoja: mlangoni asimame mwanamke, na kama mwanamke hayupo, kusiwe na kupekuliwa. Mmoja wetu akasema tuandike barua.

"Barua?" Maman Mayai akauliza. Sauti yake ilikuwa imerudi. "Patron atafungia nayo vitunguu. Na kati yetu nani atasoma ile tumeandika? Unataka tubebe kitu hatuijui?"

Ndipo wote wakanigeukia. Mimi ndiye mchoraji, mimi wa mananasi. Nilichukua chaki nikachora kwenye ubao wa sanduku mwanamke aliyeinua ngumi juu, kama nilivyoona kwenye simu.

"Uyu iko naita moto?" akauliza mmoja, na wakacheka, maana kweli alionekana kama anasimamisha pikipiki.

Nikachora jicho kubwa. Maman Mayai akasema hilo ni duka la miwani. Nikachora mkono wenye mstari juu yake, wakasema hapo inaonekana sisi ndio tunakataza watu kusalimiana. Nilikuwa karibu kulia na kucheka pamoja. Koko akavua ngata yake kichwani, akaitupa chini katikati yetu.

"Chora hii."

Hakuna aliyecheka. Kwenye foleni yetu, kama una haja ya kwenda kujisaidia au kunyonyesha, unaweka ngata yako chini mahali pako na kuondoka. Ngata ikiwa chini, mwenyewe yupo. Unaweza kukaa saa nzima, ukirudi utaikuta pale pale na nafasi yako bado ni yako. Hata mwanamke mnayegombana naye hataivuka. Kuruka ngata ya mwenzako ni kitu sijawahi kuona mtu anafanya, na hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Unazaliwa unaikuta.

Nikaichora: duara kubwa, duara dogo ndani yake, na mistari ya kulala katikati, kama kamba iliyosokotwa. Sekunde chache tu. Hata mtoto angeweza.

"Tuiweke kwenye kitako ya beseni," Maman Mayai akasema. "Tukibeba, inalala juu ya kichwa, hakuna wa kutuuliza. Tukipindua, bataiona hata bakitaka kufumba macho."

Jumamosi mabeseni yote yalipangwa uani kwa Koko, yamelala kifudifudi kama kobe. Nilileta kopo langu la rangi na brashi moja niliyotengeneza kwa nyuzi za mkonge. Sijawahi kufurahi namna ile. Kila mama alisimama juu ya beseni lake akitoa maelekezo kana kwamba namsuka nywele. "Ya kwangu ikuwe nono." "Hapo umeacha mukia." Nilichora moja, nikasogea, nikachora nyingine, na kila nikigeuka nyuma naona duara nyeupe zinaongezeka, nikasema moyoni: hiki ni kitu changu, mimi ndiye nimekileta duniani. Ilikuwa ngata ya Koko, lakini nilikuwa nimeshasahau.

Beseni la Koko lilikuwa la emaye, bati lile linalong'aa kama kauri, kijani kwa nje, maua ndani. Alipewa na binti yake, na binti yake hayupo tena. Ilipofika zamu yake akalishika kifuani.

"Hii hapana. Hii tuiache. Nitapindua tu bila kitu."

Angeachwa. Hakuna ambaye angemlazimisha Koko. Mimi ndiye niliyepiga magoti mbele yake na brashi inadondosha rangi, nikamwambia maneno haya, nayakumbuka yote: "Koko, kama alama iko kwetu sote, hakuna atakayeguswa peke yake. Ukikosa weye, watakuja kwako kwanza." Nilisema vizuri. Nilisema kama mtu wa redio. Koko aliniangalia, akageuza beseni, akaliweka chini taratibu. Nilimchorea nzuri kuliko zote, rangi nene, mara mbili.

La mwisho lilikuwa la kwangu, plastiki nyekundu. Wenzangu walikuwa wameshaanza kuondoka. Niliinamia kopo. Rangi ilikuwepo, ya kina cha kidole. Nikaangalia ile rangi, nikauona ukuta wa Patron, mrefu, haujaguswa, na mimi juu ya ngazi. Koko akauliza kutoka mlangoni, "Yako je?"

"Rangi imeisha, Koko. Nitaweka chokaa."

Kona ya ua kulikuwa na ndoo ya chokaa ambayo Koko alipakia nyumba. Nikachovya kidole, nikachora. Nyeupe kwa nyeupe, ukisimama hatua mbili huwezi kujua. Nilijiambia naitunza rangi kwa ajili ya mabeseni ya wengine watakaojiunga. Kuna mahali pa moyo panapojua, na pale palijua.

Jumatatu tulifika mlangoni, tukapanga foleni, na mlinzi alipofungua, Maman Mayai akasema "Haya!" na mabeseni yote yakapinduliwa mara moja. Plastiki ziligonga changarawe bop, bop, na moja la emaye likalia ngwaaa, likaendelea kulia peke yake baada ya mengine kunyamaza. Tukakaa chini kando yake. Duara kumi na saba zinaangalia mbinguni. Mlinzi alidhani tunacheza. Patron akaja, akacheka, akauliza kama tunaanika mabeseni. Maman Mayai akamweleza kwa adabu kabisa tunachotaka, mkono juu ya tumbo lake. Patron akaacha kucheka, akaingia ndani. Hatukununua nyanya siku ile.

Jumanne nilikuta ngata imechorwa kwa mkaa ukutani karibu na kioski. Batoto wa shule walikuwa wanaichora kwa chaki barabarani na kuruka ndani yake kama mchezo. Kijana mmoja wa moto, dereva wa pikipiki, alikuwa ameikata kwa skochi, ule utepe wa gundi, na kuibandika kwenye kofia yake, akasema ni kwa ajili ya mama yake. Nilipiga picha kila moja kwa simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Nilijiona nimekuwa mtu. Wakati huo Koko alikuwa ameketi foleni siku ya pili bila kuuza kitu, na nyumbani kwake kila unga unaopikwa jioni umetokana na nyanya za asubuhi. Nilijua. Nilikuwa naangalia simu.

Jumatano mimi na Koko tulifika wa kwanza kama kawaida, wengine wakiwa bado wanashuka kilimani. Mlinzi alikuwa ameshafungua, amesimama na fimbo ndogo.

"Amri ya Patron. Leo kila muntu anaonyesha kitako ya beseni. Kikiwa safi, anaingia. Kikiwa na ile takataka yenu, anarudi kwake, na mahali pake tunapatia mwingine. Bamama ba kununua ni bengi."

Koko alikuwa mbele yangu. Sikumwona usoni. Aligeuza beseni lake, duara nene niliyoichora mara mbili ikang'aa kwenye mwanga wa asubuhi. Mlinzi akagonga kwa fimbo, ngwa.

"Rudi, mzee."

Koko alivua ngata kichwani, akainama, akaiweka chini kwenye kizingiti, katikati kabisa ya mlango. Akasogea pembeni, akapindua beseni chini, akaketi kando yake. Yupo. Hajaondoka.

"Na weye?" mlinzi akaniambia. Na kabla sijasema kitu akaongeza, si kwa ukali, "Patron aliulizia muntu wa rangi. Alisema ukuta unaanza mwezi huu."

Nilisema naenda kujisaidia. Nilizunguka nyuma ya kioski ambako kuna bomba. Nililowesha pindo la kitenge changu, nikaliweka beseni magotini, nikasugua. Kwi, kwi, kwi. Chokaa ilitoka mara moja, haikushikilia hata kidogo, ikawa maziwa, ikatiririka kwenye mguu wangu. Nilikuwa nategemea itakataa, sijui. Kama ingekataa ningerudi kukaa na Koko na leo ningekuwa nasimulia kitu kingine.

Niliporudi nilionyesha beseni. Mlinzi akaangalia, akajisogeza. Ngata ya Koko ilikuwa pale kizingitini, ile ya kitambaa cha bluu cha zamani, imefungwa vizuri. Mlango ni mwembamba, hakuna kuizunguka. Nikainua mguu nikairuka.

Ndani kulikuwa na nyanya mpaka darini, nzuri, na hakuna wa kushindana naye. Nilichagua kama malkia. Nilipotoka, mlinzi alinipekua. Nilisimama nikaangalia mbele, na kwenye kona ya jicho langu ulikuwa ule ukuta.

Halafu ikawa hivi, na hapa ndipo ninapotaka kuparuka kila nikikumbuka. Beseni lililojaa huwezi kujitwika mwenyewe. Lazima mtu akutwike. Nilisimama barabarani na beseni miguuni, naangalia huku na huku, wenzangu bado hawajafika. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na Koko tu.

Akasimama. Akaja, akashika upande mmoja, mimi upande mwingine. "Moja, mbili," akasema kama anavyosema siku zote, na mzigo ukapanda. Akaunyoosha kichwani kwangu kwa vidole viwili. Nilisikia pumzi yake.

"Koko..."

"Enda, wateja batakungojea."

Nikaenda. Nilivuka daraja mbio. Bukavu, mama mmoja wa mtaa wa Nguba ambaye miaka yote ananunua kwa Koko, akanisimamisha mlangoni kwake. "Mwenzako iko wapi leo? Siku ya tatu simuone."

"Anaumwa," nikasema.

"Masikini. Basi nipatie weye."

Nikampa. Alichagua zile nzuri, akaniambia nimsalimie mgonjwa.

Jioni nilipeleka nyanya sita kwa Koko, nimezifunga kwenye jani la mgomba. Alikuwa uani, anapeta kitu kidogo sana kwenye ungo.

"Ni za kule ndani?" akauliza.

"Ndiyo, Koko."

"Bon. Weka hapo dirishani." Sauti yake haikuwa na kisu. "Lakini miye sikuingia ndani, mutoto wangu, basi sitakula ya ndani. Tutakula tukiingia sote."

Aliendelea kupeta. Nilitaka anitukane. Ningetoa hata pesa ili nitukanwe. Alinieleza tu kwamba wenzangu walipofika waliweka ngata zao chini mlangoni, moja juu ya nyingine mpaka zikawa kama mnara, na hakuna aliyeingia siku nzima. Hakuniuliza kitu. Na kutokana na namna alivyosema nikajua: hajawaambia.

Alhamisi na Ijumaa nililala kitandani nikasema nina homa. Siku zote mbili nilipita kichwani mwangu juu ya kile kizingiti. Nyanya sita zilikuwa bado dirishani kwa Koko, naziona kutoka kwetu, zinaanza kukunjamana.

Jumamosi kelele zilinitoa ndani. Akina mama walikuwa wanapita njiani na mabeseni yaliyojaa, wanaimba. Patron alikuwa amebaki na nyanya zinazotoa maji mpaka barabarani, malori mapya yanapiga honi, na hakuna vichwa vya kubeba. Asubuhi ile aliweka mwanamke mlangoni, mama mmoja mpole ambaye alikuwa anaogopa kutugusa kuliko sisi tulivyomwogopa yule mlinzi. Maman Mayai akanivuta mkono.

"Homa gani hiyo inashika muntu siku ya vita na inamuacha siku ya karamu? Njoo hapa! Mwenye alama ni uyu! Piga makofi!"

Wakapiga. Walinizungusha mpaka depo, wakatua mizigo, wakanisimamisha mbele ya ule mlango mwembamba, wananisifu, wananiambia nitachora mpaka kanisani. Nilitabasamu. Uso wangu unajua kutabasamu wenyewe, hauniulizi. Koko alikuwa amesimama nyuma yao, beseni lake limejaa kwa mara ya kwanza wiki ile.

Ndipo Patron akatoka. Alitaka kuonyesha kwamba hana kinyongo, nadhani. Akaninyooshea kidole.

"Uyu kijana ndiye mwenye akili kati yenu. Jumatano aliingia akanunua, bila maneno. Jumatatu njoo, ukuta ni yako."

Makofi yalikatika. Maman Mayai aliachia mkono wangu.

"Jumatano? Uliingia Jumatano?"

Niliangalia miguu yangu, kandambili zangu, changarawe. Wanawake kumi na sita walikuwa wananiangalia. Kisha nikasikia ile sauti nyembamba ya nyuma.

"Ni miye nilimutuma," Koko akasema. "Mutoto ya jirani alikuwa na njaa. Nilimwambia: futa, ingia, uniletee. Ni makosa yangu ya uzee. Hata nyanya bado ziko dirishani kwangu, muende muone."

Koko, ambaye sijawahi kumsikia akisema uongo hata wa bei. Alisimama pale na shingo yake ndefu, akadanganya mbele ya watu wote kwa ajili yangu, na aliupanga uongo wake vizuri hata nyanya akazitia ndani. Maman Mayai akaguna. "Eh, Koko! Na kutuficha hivyo?" Wengine wakaanza kucheka kidogo, wakamtania kwamba mzee ana tumbo kuliko msimamo. Walimtania yeye. Yeye, aliyeweka ngata ya kwanza. Akacheka nao.

Na mimi nilinyamaza. Neno lilikuwa hapa kooni, fupi kabisa: si kweli. Nilikuwa na nafasi ya kulisema wakati wanacheka, wakati wanatwikana, wakati wanapanga mstari kuelekea daraja. Nafasi ziliendelea kuja moja baada ya nyingine kama magari, na mimi nimesimama kando ya barabara.

Patron bado alikuwa anangoja. "Basi, Jumatatu?"

"Rangi imeisha, Patron," nikasema.

Akainua mabega. Baadaye ukuta alimpa mtu mwingine, na nyanya alizochora ni nzuri kuliko ambavyo mimi ningechora. Kila asubuhi napita mbele yake na Koko. Hajawahi kulitaja jambo lile. Siku nyingine naanza kumwambia, "Koko, ile Jumatano," na yeye ananikata: "Angalia njia, utaanguka." Siku hizi ndiye anayeuza kidogo kuliko wote, kwa sababu mama wa Nguba alishazoea kwangu. Namrudishia kwa ujanja, nachelewa makusudi kufika mlangoni kwa mama yule, lakini Koko anajua ujanja wangu wote na ananisukuma mbele.

Lakini Jumamosi ile nilirudi nyumbani, nikafunga mlango wa ua. Mchana ulikuwa mkali na kila mtu alikuwa upande ule wa daraja. Nilitoa kopo chini ya kitanda. Rangi ya mafuta ilikuwa imefunga ngozi juu, nikaitoboa kwa kijiti, na chini yake ilikuwa bado laini, kina cha kidole, kama nilivyoiacha. Nikalipindua beseni langu jekundu kwenye jua. Alama ya chokaa ilikuwa haipo, ila kama ukiinamisha kichwa unakiona kivuli chake, duara hafifu mahali nilipokuwa nimesugua. Niliifuata ile ile. Duara kubwa, duara dogo, mistari ya kulala. Ilipoisha nikapita juu yake mara ya pili, kisha ya tatu, mpaka brashi ikakwangua chini ya kopo.